Kibao

Mwaka 2022, miezi michache kabla ya sensa ya Agosti, ilitakiwa kila njia katika nchi hii ya Tanzania iwe na jina. Operesheni ya anwani za makazi ilitufikia Ifakara kama ilivyowafikia wengine: vijana wenye simu mkononi wakipita nyumba kwa nyumba, namba zikibandikwa juu ya milango, nguzo za chuma zikisimikwa kwenye kona, na mikutano ya mtaa ikiitishwa ili wenyeji waseme uchochoro wao uitweje. Mkutano wetu ulifanyika chini ya mwembe, saa nne asubuhi, akina mama kwenye mikeka na wazee kwenye viti vya plastiki vilivyoazimwa nyumba ya jirani. Majina yakatajwa. Jina la mzee wa kwanza kujenga upande ule. Jina la sista aliyewazalisha mama za nusu ya watu waliokuwepo. Jina la mkwaju. Ndipo mjomba wangu, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua kinywa, akainua fimbo yake kidogo na kulitaja jina la mtu aliyekuwa akipiga gita la solo katika baa iliyokuwapo kona ile miaka ya sabini.

Watu walicheka. Hakikuwa kicheko kibaya. Walimheshimu mzee, wakadhani anatania. Mwenyekiti akangoja kitulie, akasema kwa adabu, "Mzee wangu, tunaomba jina la mtu aliyefanya jambo." Na kutoka kwenye mikeka mama mmoja akamalizia, "Yule si alikuwa mhuni tu?"

Njia ikapewa jina la mkwaju. Sina ugomvi na mkwaju; umetupa kivuli na uji wetu umeupa ladha. Lakini tulipokuwa tukirudi nyumbani mjomba alisema neno ambalo halijanitoka: "Kibao chake wamekikataa." Nilitembea hatua kadhaa kabla ya kugundua kwamba sijui anasema kibao kipi, cha bati kinachosimikwa kwenye kona, au kile kinachopigwa jukwaani watu wakaacha vinywaji mezani na kuingia uwanjani. Kiswahili kimevipa vyote viwili jina moja, na tangu siku ile sijaamini kwamba ni kwa bahati.

Upande wa pili wa dunia, katika jiji la Lima huko Peru, kuna wilaya ndogo iitwayo Lince. Mwaka 1964 vijana wa mitaa hiyo waliunda bendi ya watu wanne wakajiita Los Saicos. Katika mwaka 1965 na 1966 walitoa santuri ndogo sita, ambazo ni nyimbo kumi na mbili, kisha kila mmoja akashika njia yake. Ukiwasikiliza leo, koo la mwimbaji linakwaruza kama la mtu anayegombana na mlango uliofungwa kwa ndani, magita yanakimbia, ngoma inayafukuza. Wimbo wao mashuhuri, "Demolición", unahusu kuibomoa stesheni ya treni. Stesheni haijawakosea kitu. Wanataka tu kuisikia ikianguka.

Ilipita miaka kumi hivi ndipo New York ikawapata Ramones, na London Sex Pistols, na muziki wa namna ile ukapewa jina la panki. Kwetu panki ni neno la kinyozi: mtoto anaketi kwenye kiti, anasema nikate panki, na mama anayelipa anaguna. Muziki wenyewe ni rahisi kuueleza. Ni wa watu wenye magita ya bei ndogo, wanaojua nyuzi chache, wasiosubiri kufuzu wala kuruhusiwa, wanaopiga kwa kasi na kwa sauti kubwa kwa sababu wana jambo na hawana muda. Mwaka 2006, miaka arobaini baada ya vijana wale kuachana, pale Lince likabandikwa bamba kwenye kona ya mtaa linalotangaza kwamba hapo ndipo panki ilipozaliwa duniani. Wajuzi wa muziki wanaweza kulipinga dai hilo mpaka asubuhi. Mimi nimeshikwa na ile kona. Waliotaka kuwaheshimu hawakuwahamishia kwenye jumba la makumbusho. Walikwenda mahali ambapo kelele ilisikika kwanza, pale ambapo bila shaka kuna jirani aliyewahi kufunga dirisha kwa hasira, wakaandika hapohapo.

Nasi tuna stesheni. Ya Ifakara ni ya TAZARA, reli iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 na Watanzania, Wazambia na Wachina, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi. Bonde letu la Kilombero, ambalo masika hulikata na dunia, lilipata kwa mara ya kwanza njia isiyozama. Treni ndogo iliyokuwa ikisimama kila kituo watu waliiita kipisi, na kwa kipisi mchele ulitoka, ndizi zikatoka, na wageni wakaingia na mizigo yao, redio zikiwemo. Hakuna mtu wa bondeni ambaye angeimba kutaka kuibomoa stesheni ile. Wazee wetu waliipasulia mawe. Hata hivyo nimewahi kukaa pale kwenye benchi la saruji, usiku, treni ikiwa imechelewa kwa saa zisizohesabika, nikawaelewa vijana wa Lince vizuri kabisa.

Reli hiyohiyo, ukiifuata kwa Mlimba, Makambako, Mbeya na Tunduma, inakufikisha katika nchi iliyopiga roki kuliko jirani zake wote. Katika miaka ya sabini, miji ya machimbo ya shaba ya Zambia ilikuwa imejaa vijana wa magita yanayonguruma. Rais Kaunda alikuwa ameagiza kwamba asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Kizambia, na vijana wakaipokea amri ile kwa namna ambayo sidhani kama yeye mwenyewe aliitarajia: walichukua roki wakaifanya yao. Bendi mojawapo, WITCH, iliyoongozwa na Emmanuel Chanda, maarufu Jagari, ilieleza jina lake kuwa kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba wanakusudia kuzusha vurugu. Bei ya shaba ilipoanguka, na baadaye ukimwi ulipopita, wengi wao waliondoka duniani bila kupewa bamba wala kona. Dunia iliwagundua upya baada ya miaka thelathini na zaidi, wengi wao wakiwa hawapo tena kusikia.

Huku kwetu mambo yalikuwa mengine. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 sketi fupi, mawigi na suruali za kubana vikawa vitu vya kukamatiwa. Novemba mwaka huohuo mkuu wa mkoa wa Pwani, Mustafa Songambele, akaupiga marufuku muziki wa soul Dar es Salaam. Nia ilielezwa kuwa ni kulinda utamaduni wa taifa changa, na siwezi kuwadharau watu waliokuwa wamepata nchi yao juzi na wakaogopa isichukuliwe tena kwa mlango wa nyuma. Lakini jambo lililobaki baada ya marufuku yenyewe kusahaulika ni lile neno, mhuni. Lilishikamana na kila kijana aliyebeba gita. Liliingia majumbani. Baba angeweza kusikiliza bendi redioni jioni nzima akitikisa mguu, lakini asubuhi posa ikiletwa na mpiga gita akajibu kwamba hana binti wa kumpa mhuni.

Mhuni ni nani hasa? Nimelifikiria neno hili tangu mkutano wa mwembe. Ni mtu asiye na shughuli inayoonekana mchana. Wakulima wa mpunga huamka alfajiri kuwahi kuwinga ndege shambani. Mpiga muziki hurudi alfajiri hiyohiyo, wakapishana njiani, mmoja na manati, mwingine na gita. Hiyo ndiyo hatia yake ya kwanza. Ya pili ni kwamba anawakusanya watu pasipo msiba, harusi wala ibada. Tuna ngoma zetu, sangula ya Wapogoro kwa mfano, na hakuna anayeiita sangula uhuni, kwa maana ngoma ina wenyewe, ina msimu, ina shughuli yake. Bendi haikuwa na ukoo. Mndamba, Mbunga, Mpogoro, Mhehe, karani kutoka Bukoba, fundi wa reli kutoka Mbeya, wote walilipa kiingilio kilekile na kukanyaga sakafu ileile, na hakuna aliyekuwa mgeni kwa mwenzake. Kwangu hilo ni jambo kubwa ambalo mtu anaweza kulifanyia mji. Nalo ndilo lililowatia watu hofu.

Hata Dar es Salaam kuna waliothubutu. Sunburst, bendi ya mwanzoni mwa miaka ya sabini iliyokuwa na mwimbaji James Mpungo na mpiga gita Hembi Flory Kongo kutoka nchi iliyoitwa Zaire, ilichanganya roki, soul na midundo ya kwetu bila kuomba radhi. Albamu yao, "Ave Africa", ilitoka mwaka 1976. Iliporudishwa sokoni mwaka 2016 na kampuni ya London, wako vijana wa Kitanzania waliosikia habari za bendi hiyo kwa mara ya kwanza kutoka Ulaya.

Ila mtu wa bonde letu akisema bendi hafikirii Dar es Salaam kwanza. Anafikiria Morogoro, mji kasoro bahari, makao ya mkoa wetu. Salum Abdallah alianzisha pale mwaka 1948 bendi ambayo baadaye iliitwa Cuban Marimba, akiwa kijana aliyelewa santuri kutoka Cuba zilizokuwa zikiuzwa madukani. Inasimuliwa kwamba aliwahi kutoroka nyumbani akaenda Mombasa kutafuta meli ya kumfikisha Cuba kwenyewe. Hakuipata. Akarudi, na kwa kuwa hakwenda Cuba, akaitengeneza Cuba yake chini ya milima ya Uluguru, kwa Kiswahili. Alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965, na Juma Kilaza akaiendeleza bendi. Upande wa pili wa mji kulikuwa na Morogoro Jazz, iliyompata Mbaraka Mwinshehe Mwaruka katikati ya miaka ya sitini. Mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka, kuiwakilisha Tanzania. Hebu fikiria: mji mdogo wa mkonge na mboga, na nchi ikataka kuonyesha uso wake kwa dunia, ikawachukua vijana wa huko. Mwaka 1973 Mbaraka akaondoka akaunda Super Volcano, ambao mtindo wao uliitwa masika. Januari 1979, nchi ikiwa vitani na Idi Amin, habari ikaja kutoka Mombasa kwamba naye ameuawa na ajali ya barabarani. Alikuwa na umri wa miaka 34.

Masika. Kwa mtu wa Dar es Salaam ni jina zuri la mtindo wa kucheza. Kwa mtu wa Kilombero ni mto unaotoka kitandani kwake na kuja kulala mlangoni kwako, ni mazao yanayoweza kuota au kuoza, ni wiki nzima bila gari kupita. Mjomba anasema walipousikia mtindo ule redioni waliamini kwamba Mbaraka anawazungumzia wao.

Bendi zilikuja baada ya mavuno. Hakuna mwenye akili ambaye angeleta vyombo bondeni mwezi wa Aprili. Lakini kufikia Julai maji yamerudi mtoni, mpunga umepigwa, magunia yamepangwa, na kwa mara moja katika mwaka mkulima ana fedha mfukoni ambazo bado hazijapata mdai. Ndipo lori lingeonekana likitoka upande wa Kidatu, jekundu kwa vumbi, limebeba jenereta, vipaza sauti, ngoma zilizofungwa kwa turubai, na juu ya vyote vijana waliolala usingizi wa ajabu, wameshikilia magita kama watoto. Mjomba alikuwa miongoni mwa waliolikimbilia lori kupakua vyombo, kwa kuwa mpakuaji aliingia bure. Bendi nyingine zilitaka kuendelea mpaka Mahenge, na hapo zilikutana na mto. Daraja tulilonalo leo, la mita 384, lilifunguliwa mwaka 2018. Wakati ule kulikuwa na kivuko, na kivuko kilipoharibika kulikuwa na mtumbwi. Mjomba anasimulia tumba mbili zilizovuka Kilombero zimefungwa katikati ya mtumbwi, mpigaji wake akizikumbatia na macho kayafumba, mpiga kasia akimwambia kwamba viboko wa hapo hawapendi kelele.

Halafu bendi zingeondoka, na hapo ndipo mambo yenyewe yalipoanzia. Miji midogo haiishi kwa wageni tu. Wale vijana waliopakua vyombo walikuwa wameangalia vidole vya mpiga solo kwa karibu. Wakatafuta mbao. Wakatafuta nyaya za breki za baiskeli wakazichambua uzi mmoja mmoja. Redio iliyokufa ikatolewa spika, na betri zilizochoka zikaanikwa juani zipate uhai wa wimbo mmoja zaidi. Baadaye mwenye baa akawanunulia vyombo vya mkono wa pili, na ikawapo bendi, kwa miaka minne au mitano, katika kona ile ambayo sasa ina jina la mkwaju. Haikurekodi kitu. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na studio, na bendi zilizofika huko nyimbo zao zimo kwenye kanda mpaka leo; santuri nyingi za enzi hizo zilichapwa Nairobi. Kutoka Ifakara mpaka studio ilikuwa nauli ya watu saba na vyombo vyao. Jogoo wa shamba, tunasema, hawiki mjini. Wako jogoo waliowika shambani kwao maisha yao yote, na watu waliamka.

Kuna neno letu ambalo watangazaji hulisema kwa mapenzi makubwa: zilipendwa. Siku ya Jumapili mchana, harufu ya wali na nazi imejaa uani, redio inasema sasa ni zilipendwa, na nyumba nzima inanyamaza kidogo. Mimi pia hunyamaza. Ila nimeanza kulisikia neno lenyewe linavyosema. Zilipendwa na nani? Kitenzi kimemficha mpendaji. Mtu aliyesema "yule si alikuwa mhuni" chini ya mwembe, yule mama, ana umri wa mjomba. Alikuwapo. Naamini kabisa kwamba alicheza pale, na pengine alicheza vizuri kuliko wote, na wala simlaumu kwa kukana, kwa sababu aliambiwa katika ujana wake kwamba alichokipenda ni uchafu, naye akakiweka ndani sana mpaka akasahau mahali alipokiweka. Kibao cha kona kingemrudishia kitu yeye kabla ya kumrudishia mpiga gita, ambaye amekwisha kufa.

Ndiyo maana nina shaka na heshima inayokuja wakati jambo halina tena makali. Mwaka uleule wa 2006, bamba lilipowekwa Lince, Zanzibar kulikuwa na watu waliotaka kuadhimisha miaka sitini tangu kuzaliwa kwa Freddie Mercury, Farrokh Bulsara, aliyezaliwa kisiwani Septemba 5, 1946. Jumuiya ya Kiislamu ya UAMSHO ikapinga hadharani. Mwaka 2019 likafunguliwa jumba la makumbusho yake Mji Mkongwe, na wageni wanapanga foleni kupiga picha. Nimefurahi kwamba lipo. Lakini muziki wake ulitengenezwa London, na kisiwa kimemheshimu mtoto aliyeondoka. Ni rahisi zaidi kumheshimu aliyeondoka. Aliyebaki ana madeni dukani kwa mangi, ana watoto wa mama wawili, watu wanamjua akiwa amelewa. Salum Abdallah angeipata ile meli pale Mombasa, huenda tungemjengea sanamu mapema zaidi.

Tena kuna jambo la pili linalonikera, na hapa nakiri nina hasira. Tunapokumbuka, tunakumbuka mtu mmoja. Tunasema Mbaraka, tunasema Salum, na wanastahili. Lakini bendi ni watu saba, kumi, kumi na wawili. Muziki wa dansi wa Tanzania umesimama juu ya besi, na besi ndiyo inayoingia miguuni kabla hujajua kwamba umeanza kucheza. Taja wapiga besi watatu. Watu wazima, wapenzi wa kweli wa muziki huu, nimewauliza swali hilo kwenye vijiwe vya kahawa Kibaoni, hapa Ifakara, na wengi wamekwama kwenye wa kwanza. Pale Lince Los Saicos wanakumbukwa kwa jina la bendi. Hilo nawaonea wivu. Jina la bendi ni kama jina la mto. Kilombero wenyewe unakusanya mito mingi kutoka Udzungwa na Mahenge, na hakuna anayekunywa maji akasema haya ni ya mto fulani tu.

Vijana wa sasa wa Ifakara wana spika mbili kubwa, kompyuta ndogo iliyopasuka kioo, na kipaza sauti kilichofungwa kwa gundi ya umeme. Wanapiga singeli kwa kasi ambayo mjomba anasema ni ya kukimbiza nyuki. Usiku wa harusi majirani wanalalamika, polisi wanakuja, spika zinazimwa saa sita, kisha zinawashwa saa sita na nusu. Nimesikia watu wakiwaita wahuni. Hao ndio wangeelewana na vijana wa Lince bila mkalimani: vyombo vya bei ndogo, kasi, sauti iliyopandishwa mpaka inapasuka, na hakuna aliyewaruhusu. Nimemwambia mjomba hivyo. Akafikiri, akasema, "Basi mmoja wao aandike majina. Sisi hatukuandika."

Julai iliyofuata mkutano ule wa mwembe tulikwenda kwenye ile kona, mimi na yeye. Baa haipo, pana mashine ya kukoboa mpunga. Ulikuwa msimu, magunia yamepangwa mpaka barabarani, watu wana nyusi nyeupe kwa vumbi la pumba, na mashine inanguruma kiasi kwamba salamu inatolewa kwa mikono. Mwenye mashine, mama wa makamo aliyejifunga kitambaa puani, alitusogelea. Mjomba akamwinamia sikioni kumweleza. Nilimwona mama anatazama foleni ya wateja wake, anatazama fimbo ya mzee, kisha anakwenda kuizima mashine.

Kimya kilichoingia pale kilikuwa na uzito. "Shikamoo, baba," alisema mama, sasa kwa sauti ya kawaida. "Marahaba, mwanangu." Naye mjomba akaanza kuonyesha kwa fimbo. Jukwaa lilikuwa pale ilipo injini. Mpiga solo alisimama hapa, upande wa ukuta, kwa sababu aliona haya. Rizimu hapa. Mwimbaji hapa katikati, na wa pili wake. Drams nyuma. Tumba upande ule; yule mpiga tumba aliyevuka mto na macho kayafumba ndiye aliyewafundisha, alipokuja kutembea baadaye akakaa kwao mwezi mzima. Kila mahali alipogusa sakafu alitaja jina, na wateja waliokuwa wamekaa juu ya magunia wakaanza kusogea. Mzee mmoja akaongeza jina la mpiga saksafoni ambaye mjomba alikuwa amemsahau. Mwingine akasema huyo ni baba yangu mdogo.

Kisha fimbo ikafika mahali pa besi, ikasimama. Mjomba alikuwa na sura ya mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Alikumbuka shati lake, la maua. Alikumbuka kwamba alikuwa mrefu, na alioa Mang'ula. Jina halikuja. Aliwatazama wenzake juu ya magunia, nao wakatazamana.

"Mnataka kuandika wapi?" mama aliuliza.

Nikamwonyesha ukuta wa mbele, ule wa kona. Nikamwambia kwamba hatuna ruhusa ya ofisi yoyote, kwamba tungetafuta bati dogo tu, jina la bendi na mwaka.

"Bati la nini? Ukuta ni mrefu, na rangi ninayo. Andikeni wote." Alikuwa amekwisha geuka kuelekea mashine yake, mkono uko kwenye kitasa. "Huyo wa besi mwachieni nafasi yake hapo katikati. Wenye mpunga wanatoka kote huku, yupo atakayekuja anamjua."

Akaiwasha.